Rapa Wako Ataachia Ngoma Lini? Soma Dalili Hizi Kabla Hujachezwa

Kila mwezi ni stori ile ile. Rapa unayempenda anaposti emoji ya moto na saa ya mchanga, anaandika "Inakuja", basi. Mbogi yote kuanzia Mtwapa hadi Gongoni inawaka. Wiki inaisha, mwezi unaisha, ngoma hakuna. Halafu siku hujajipanga, bando limeisha, uko kwa matatu unatoka Mombasa unarudi Malindi, unasikia dere amefungulia albamu mpya yote na kondakta ameshashika korasi. Wewe ndio wa mwisho kujua.

Kwani haiwezekani kujua mapema? Inawezekana, lakini nusu. Shika hii moja kabla hatujaendelea: msimu wa ngoma unatabirika, siku yenyewe mara nyingi haitabiriki. Ni kama bahari yetu. Mvuvi wa Malindi anajua kaskazi inavuma kuanzia karibu Desemba na kusi inachukua zamu kuanzia Aprili. Lakini muulize upepo utageuka Jumanne saa ngapi, atakucheka.

Na hii si maneno ya kupitisha wakati tu. Kuna deejay wa Kilifi anayetaka kuwa na ngoma mpya kabla ya mwenzake. Kuna chipukizi wa Mtondia aliyekusanya doo ya studio miezi mitatu, na akiachia siku moja na jitu kubwa la Nairobi, wimbo wake unazikwa siku hiyo hiyo. Kuna wewe, unayeweza kununua tiketi ya uzinduzi ambao haupo. Kwa hivyo soma pole pole.

Kuhesabu miaka peke yake hakutoshi

Wasee wengi wanatabiri hivi: wanachukua albamu ya mwisho, wanaongeza miaka, wanatangaza mwaka. Cheki vile inaharibika.

Khaligraph Jones alitoa Testimony 1990 mwaka 2018, halafu Invisible Currency 2022. Hapo ni miaka 4. Mara hiyo hiyo mtaa ukaanza kusema, "OG hutoa kila baada ya miaka 4." Wacha kwanza. Albamu mbili zinakupa pengo moja tu, na pengo moja si mtindo. Ni kama kumwona mtu akila biriani Ijumaa moja useme hula biriani kila Ijumaa.

Mcheki Octopizzo. Chocolate City ni ya 2012, LDPC ikaja 2015, Refugeenius ikafuata 2016. Ukihesabu kwa vidole unapata miaka 3, halafu mmoja. Na huo mwaka mmoja ulikuwa na sababu yake: Refugeenius ilikuwa kazi maalum, aliyofanya pamoja na vijana wakimbizi wa kambi za Kakuma na Dadaab. Miaka iliyotangulia isingekwambia hilo. Kazi yenyewe ndiyo iliyosukuma tarehe.

Halafu kuna Nyashinski. Baada ya Kleptomaniax akaenda Marekani, akanyamaza miaka mingi sana. Mtu angekaa na kalenda mwaka 2012 akatabiri, angesema jamaa ameacha muziki kabisa. Mwaka 2016 akarudi na Now You Know, na albamu yake ya kwanza ya peke yake, Lucky You, ikatoka 2020, mwaka ule korona ilikuwa imefunga klabu zote. Kwa hivyo hata ukimya mrefu hauna maana moja.

Nao Wakadinali wana mtindo wa nambari. Walitoa Victims of Madness 2020, halafu Ndani ya Cockpit 3 mwaka 2022. Msanii akiwa na mfululizo wenye nambari, unajua nambari inayofuata inaweza kuja. Lakini nambari haina tarehe. Ni ahadi bila siku.

Miaka ina kazi moja tu: inakusaidia kujua kama ni mapema mno kuanza kungoja. Albamu ikiwa na miezi miwili, tulia. Ikizidi mwaka mmoja na nusu, anza kufungua macho. Baada ya hapo achana na kalenda ya ukutani, angalia vitu vingine.

Kalenda ya Pwani ina siri zake

Ngoma hutolewa pale ambapo kuna watu wa kuicheza na doo ya kuilipia. Kwetu huku misimu hiyo inajulikana.

Desemba ndio mfalme. Kilifi inajaa kwa ajili ya tamasha la Beneath the Baobabs mwisho wa mwaka, Watamu na Malindi hoteli zinajaa, watu wa bara wanashuka kwa magari na SGR. Rapa anayetaka umati uimbe naye tarehe 31 hawezi kuachia ngoma tarehe 30. Watu wanahitaji wiki kadhaa za kuikariri. Kwa hivyo dirisha la kukaza macho ni Oktoba na Novemba. Ukiona rapa ametajwa kwenye posta ya shoo za Desemba na hana ngoma mpya ya mwaka huo, hapo kuna kitu kinapikwa.

Agosti nayo ina moto wake mdogo. Shule zimefunga, watalii wamerudi baada ya mvua, klabu zinaanza kujaa tena. Angalia Juni mwishoni na Julai.

Aprili hadi Juni ni mvua ndefu. Malindi inakuwa baridi kibiashara, hoteli nyingine zinafunga kabisa, shoo zinapungua. Lakini usidanganyike kwamba msanii amelala. Msee asiye na shoo ana muda wa studio. Huo ndio wakati wa kusikia majina ya maprodyuza yakitajwa tajwa.

Halafu kuna Ramadhan, ambayo mtu wa Nairobi huisahau akitabiri mambo ya Pwani. Mwezi huo mziki unashushwa sauti kwa heshima, klabu nyingi zinapoa, na msanii wa hapa anayejielewa haachii ngoma ya kelele. Wengine hutoa kaswida badala yake. Moto unarudi Idd. Na kumbuka Ramadhan haikai mwezi mmoja wa kizungu. Kila mwaka inarudi nyuma kwa karibu siku 11. Kwa hivyo kama rapa wako aliachia ngoma mwezi wa tatu mwaka mmoja, usifikirie mwezi huo huo utakuwa wazi miaka miwili baadaye. Cheki mwandamo kwanza.

Na usisahau siasa. Uchaguzi wa 9 Agosti 2022 uliwapa wasanii wengi kazi za majukwaani, na uchaguzi mwingine uko kwa ratiba ya Agosti 2027. Msimu kama huo msanii ana doo ya haraka ya kampeni na masikio ya watu yako kwa mikutano. Albamu ya mapenzi inaweza kungojea vumbi litulie. Ngoma ya kuchoma wanasiasa nayo inaweza kuharakishwa.

Dalili za bure na dalili za bei

Hapa ndio moyo wa stori. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini si kila moshi ni wingu. Jiulize swali moja kwa kila kitu msanii anachofanya: hii imemgharimu nini? Posti haigharimu kitu. Video inagharimu. Mtu akishatoa mkwanja, hukaa akitaka urudi, na mkwanja haurudi kama ngoma iko kwa kompyuta ya prodyuza.

Tumia kipimo hiki. Si sayansi, ni hesabu ya mtaa, lakini itakusaidia usipandishe presha bure.

Alama 0: emoji, "Inakuja", "Hamko tayari", kufuta picha zote Instagram, ama kuanzisha vita na rapa mwingine. Vyote ni bure. Vita hasa ni kiki, na kiki inaweza kuishi bila ngoma yoyote.

Alama 1: picha akiwa studio, ama kionjo cha sekunde 15 kwa Live. Studio wanaenda hata kupiga stori. Kionjo nacho kinaweza kuwa cha kupima tu kama watu wataruka. Kikipokelewa vibaya kinazikwa kimya kimya.

Alama 2: mtu mwingine anathibitisha. Prodyuza anaposti, aliyeshirikishwa anaposti, dansa anaposti mazoezi. Watu wawili wasio na akaunti moja wakisema kitu kimoja, hiyo imeanza kuwa habari.

Alama 3: kruu ya video imeonekana kazini. Huku kwetu hii ndio faida yetu kuliko mtu wa Nairobi, kwa sababu wanakuja kupiga video kwetu. Ukiona drone, taa na wamodo Vuma Cliffs, ama Marafa kule Hell's Kitchen, ama ufuo wa Watamu, hapo kuna bajeti. Gede na Mnarani ni magofu yaliyo chini ya National Museums of Kenya, kwa hivyo kupiga video ya biashara ndani yake kunataka kibali. Mtu hatafuti kibali kwa ajili ya ngoma ambayo haitoki.

Alama 3: kava lenye jina na tarehe, ama orodha ya nyimbo zote na majina ya walioshirikishwa. Tarehe ikiandikwa, msanii amejifunga mbele ya watu.

Alama 3: ziara ya redio. Akianza kupita Pwani FM, Bahari FM na stesheni nyingine wiki moja, hatembelei ndugu zake.

Alama 4: linki ya kuhifadhi wimbo kabla haujatoka, ama ukurasa wa YouTube wenye kaunta inayohesabu kurudi nyuma. Hizi haziwekwi na mtu ambaye hana faili. Spotify, ambayo iliingia Kenya Februari 2021, inawaambia wasanii wanaotaka wimbo ufikiriwe kwa orodha zake wawasilishe angalau siku 7 kabla ya kutoka. Kwa hivyo linki ikionekana, kazi iko mikononi mwa wasambazaji tayari.

Jumlisha sasa. Ukipata 0 hadi 3, endelea na maisha yako. Ukipata 4 hadi 7, ngoma iko jikoni, lakini usiweke tarehe. Ukipata 8 kwenda juu, nunua bando.

Na siku ya wiki? Ijumaa ndio ya kuchunga kwanza. Tangu 10 Julai 2015 soko la muziki duniani lilikubaliana Ijumaa iwe siku ya kuachia kazi mpya. Wasanii wetu wanaotegemea YouTube pekee huvunja hiyo sheria wanavyotaka, wanaweza kuachia hata Jumanne. Lakini albamu inayopitia majukwaa makubwa, weka pesa yako Ijumaa.

Tupime kwa stori zilizotokea

Tumchukue Kendrick Lamar, kwa sababu kila mtu anamjua na tarehe zake ziko wazi. Alitoa DAMN. Aprili 2017, kisha albamu yake iliyofuata ikachelewa sana. Aprili 2022 akatangaza albamu na tarehe juu: 13 Mei. Siku chache kabla ya hiyo tarehe akaachia The Heart Part 5 pamoja na video. Tarehe ipo, video ipo, na 13 Mei ilikuwa Ijumaa. Kipimo chetu kingekamata hiyo bila shida.

Sasa njoo 2024. Tarehe 22 Novemba, Ijumaa, akaangusha GNX bila kutangaza tarehe, bila kava lililotangulia, bila chochote. Kipimo chetu kingesoma sufuri. Lakini angalia msimu: mwezi wa tano mwaka huo alikuwa ameachia Not Like Us, mwezi wa tisa akatangazwa kuongoza shoo ya Super Bowl ya Februari 2025. Mtu anayeenda kwa jukwaa kubwa kama hilo huenda na kitu kipya. Msimu ulionekana kutoka mbali. Siku ndio haikuonekana. Na bado ilikuwa Ijumaa.

Halafu kuna somo chungu la Dr. Dre. Baada ya albamu yake ya 1999, aliahidi nyingine kwa jina Detox. Miaka ikapita. Mwaka 2010 ikatoka Kush, 2011 ikatoka I Need a Doctor, na watu wakaapa sasa imefika. Haikufika. Mwaka 2015 akatoa albamu tofauti kabisa, Compton. Kwa hivyo hata dalili ya bei inaweza kukuacha mataa ikiwa unachanganya vitu viwili. Ngoma moja imetoka haimaanishi albamu inafuata. Tabiri ngoma kwa dalili za ngoma, albamu kwa dalili za albamu.

Marapa wa Pwani wana saa tofauti

Rap ya Pwani haikuanza jana. Ukoo Flani walitoka Mombasa, wakaungana na wenzao wa Dandora, na rekodi yao Dandora Burning ya 2006 bado inatajwa mtu akizungumzia hip hop ya Kenya. Leo mtu kama Kaa la Moto ana albamu inayoitwa Leso ya Mekatilili. Jina hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Kilifi: Mekatilili wa Menza aliongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913 na 1914, na sanamu yake iko Malindi mjini.

Sasa kumtabiri rapa wa hapa nyumbani ni kazi ngumu kuliko kumtabiri Kendrick, na sababu ni mfuko. Msanii mwenye kampuni nyuma yake ana ratiba. Msanii anayejilipia ana wimbo uliokamilika unaongoja doo ya video. Anaweza kuwa na nyimbo kumi zimeiva, hana ya kumlipa mpiga picha. Siku akipata shoo mbili nzuri Mtwapa na moja Malindi, wiki tatu baadaye unaona video. Kwa hivyo kwake usihesabu miaka, hesabu shoo. Akianza kuitwa huku na huku, ngoma iko karibu. Akikaa kimya miezi bila shoo, si kwamba ameishiwa na mistari. Huenda ameishiwa na nauli.

Hiyo pia inakupa njia ya kuharakisha tarehe wewe mwenyewe. Ukienda shoo yake ukalipa mlangoni badala ya kupenya kwa uzio, ukaweka wimbo wake uwe Skiza yako, umemsogeza. Kulalamika "toa ngoma bro" chini ya kila picha hakumnunulii hata betri ya kamera.

Usichezwe

Watu wakiwa na hamu, matapeli wana kazi. Akaunti inafunguliwa, jina la msanii na neno "official" mbele, posta safi, "Uzinduzi wa albamu Malindi, tiketi za mapema kwa nusu bei." Nambari ya kutuma ni ya mtu binafsi.

Kabla hujatuma, fanya mambo matatu. Kwanza, fungua akaunti ile ya zamani ya msanii, ile ina miaka, uone kama ameposti shoo hiyo mwenyewe. Pili, ulizia ukumbi wenyewe. Malindi si kubwa, panda boda hadi hapo uulize mlinzi ama meneja kama kuna shoo siku hiyo. Tatu, M-Pesa inakuonyesha jina la anayepokea kabla hujathibitisha. Kama tiketi ni ya kampuni na jina limetokea la mtu usiyemjua, bonyeza kukataa. Na linki inayokwambia "pakua albamu iliyovuja" halafu inakuomba PIN ama namba ya kitambulisho, hiyo si ngoma. Hiyo ni ndoano.

Kama wewe mwenyewe ni rapa chipukizi

Hii sehemu ni yako, msee wa Kisumu Ndogo, Maweni, Kibaoni ama Tezo. Tumia kipimo kile kile kuwakwepa wakubwa. Ijumaa yenye jina kubwa la Kenya lenye alama 8 kwenda juu, usiguse. Achia Jumanne yake, ama songa wiki mbili. Usiachie tarehe 24 Desemba ukidhani kuna watu mjini. Watu wapo, lakini masikio yamejaa. Achia Novemba mwanzoni, umpe deejay wa klabu wimbo mkononi, upeleke redio, uwape makondakta wa matatu za Malindi–Mombasa. Hiyo barabara ni saa kadhaa za watu waliokaa bila pa kwenda, na spika iko juu ya vichwa vyao.

Na usiseme "Inakuja" kama haijaisha. Ukisema mara tatu bila kitu, mara ya nne hata ukiwa na ngoma kali hakuna atakayegeuka.

Rada ya wiki yako

Jumatatu, cheki waliotajwa kwa posta za shoo. Jumatano, pitia akaunti za maprodyuza na walioshirikishwa, si ya rapa pekee. Alhamisi usiku, tafuta linki ya kuhifadhi ama kaunta ya YouTube. Jumlisha alama. Zikifika 8, weka bando na ulale na simu imejaa chaji. Zikiwa 2, lala tu, mwanangu. Ngoma haiji kesho.